Mbwa Wabwekao Simi-Simi: Sababu ya Kelele na Njia ya Kuzituliza

Kisangani ni mji ulio mlangoni mwa misitu iliyoupa ulimwengu mbwa mashuhuri kwa kutobweka, na juu ya hayo ni nadra usiku kupita hapa pasi na masikio ya watu kuteswa na mbwa wabwekao. Katika makazi yanayouzunguka uwanja wa ndege wa Simi-Simi, upande wa magharibi wa mji, mbwa mmoja akigutushwa na toleka, yaani baiskeli ya abiria, ipitayo na abiria wa mwisho, au na sentinele, mlinzi wa parseli ya pili, akikohoa, hupaza sauti. Wa jirani humwitikia pasi na kujua aitikialo. Na kabla ya robo saa kwisha avenyu nzima huwa imeamka, mgonjwa pamoja na anayemuuguza, mtoto mchanga pamoja na mwanafunzi ambaye kesho yake ana mtihani.

Hata hivyo si insafu kuwalaumu watu wa Simi-Simi kwa kufuga mbwa wenye sauti. Uwanja huo ndio walioteremkia askari wa miavuli wa Ubelgiji alfajiri ya Novemba 24, 1964, katika siku za uasi wa Simba. Na mji wote, tangu Juni 5 hata Juni 10 ya mwaka 2000, ulikuwa medani ya mizinga ya majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda. Watu waliopitiwa na mambo hayo, na ambao hata katika siku za amani hubaki gizani kila umeme unapokatika, wana sababu ya kumthamini mlinzi asiyelala usingizi mzito. Kwa hiyo makala haya hayakusudii kumfanya mbwa bubu. Hoja yake ni kwamba mbwa abwekaye kupita kiasi ni mbwa mwenye haja isiyojibiwa, au iliyojibiwa vibaya, na kwamba tiba yake huanza katika mwenendo wa bwana wake kabla ya kufika kooni mwake.

Mbwa wa msituni

Mbwa asiyebweka wa Kongo huitwa Basenji katika madaftari ya wafugaji wa Ulaya na Marekani. Ni mbwa mdogo, mwepesi wa mbio, mwenye masikio yaliyosimama, paji la uso lenye makunyanzi na mkia uliojisokota juu ya kiuno. Msafiri Georg Schweinfurth, aliyefika nchi ya Azande mwaka 1870, aliwataja mbwa wadogo wa umbo hilo waliofungwa kengele za mti shingoni ili wasipotee katika nyasi ndefu, na kengele za namna hiyo zimetumiwa pia na wawindaji wa misitu ya Ituri. Hekima yake ni dhahiri: mbwa akimfuata mnyama kichakani kimya kimya, mwindaji hana sauti ya kumwongoza, ndipo kengele ikashika kazi ya koo.

Waingereza walimwona katika maonyesho ya Crufts mjini London mwaka 1895, lakini mbwa walioletwa safari ile walikufa upesi kwa maradhi ya distempa. Mwaka 1937 Bi. Olivia Burn aliwaonyesha wengine hapo hapo Crufts, aliowatoa katika Kongo ya Wabelgiji, na watu wakasongamana kumtazama mbwa ambaye habweki. Kisha mwaka 1943 chama kikuu cha wafugaji wa Marekani kikamwandika katika orodha ya nasaba zinazotambuliwa. Maadamu ukoo mzima wa ng'ambo ulitokana na mbwa wachache, maradhi ya figo ya kurithi yaitwayo Fanconi yalienea ndani yake, hata mwaka 1987 na mwaka 1988 wafugaji wa Kimarekani, Jon Curby akiwa miongoni mwao, wakarudi vijijini kaskazini ya Zaire kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 daftari la nasaba likafunguliwa ili kuipokea.

Mbwa huyu si bubu. Hunguruma, hulia, huchekelea kwa mlio wa kupanda na kushuka unaokaribia kuimba, na mara moja moja hutoa mbweko mmoja akanyamaza. Anachokosa ni ule mfululizo, mbweko juu ya mbweko, ambao ndio huwaamsha watu wa Simi-Simi. Wataalamu hulitaja umbo la koo lake, lakini jambo lenye faida zaidi kwetu liligunduliwa na John Paul Scott na John Fuller, waliolea mbwa wa nasaba tano katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965. Walimlinganisha Basenji na mbwa aitwaye cocker spaniel, abwekaye kwa sababu ndogo, kisha wakawazalisha pamoja. Na watoto waliozaliwa wakaelekea upande wa mzazi mwenye kelele. Ikadhihirika kwamba wepesi wa kubweka, yaani ukubwa wa sababu inayohitajika ili mbwa afungue kinywa, ni sehemu ya urithi.

Hata mbwa mwitu wa nchi za baridi, ambao ndio jadi ya mbwa wote, hubweka kwa nadra, hasa kuwaonya wenzao. Basi yamkini ni binadamu, kwa kumpenda mlinzi mwenye sauti na kumchagua kizazi baada ya kizazi, aliyeikuza kelele anayoilalamikia leo. Funzo la kwanza la mfugaji ni hili: anayenunua mtoto wa mbwa kwa ajili ya ukali wa sauti asistaajabu akiipata sauti hiyo saa nane za usiku. Urithi hauondoki kwa fimbo wala kwa mafunzo. Kinachoweza kubadilika ni mambo yanayomchochea mbwa, na muda anaoendelea baada ya kuchochewa.

Kusikiliza kabla ya kukemea

Watu wengi hudhani mbwa ana mbweko mmoja tu. Sophia Yin, daktari wa wanyama wa California, aliandika mwaka 2002 kwamba alipozipima sauti za mbwa walipogutushwa na kengele ya mlango, walipofungiwa peke yao na walipokuwa wakicheza, alizikuta zikitofautiana: sauti ya kugutuka ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo na yenye kufuatana upesi, ilhali ya upweke na ya mchezo zilikuwa nyembamba zaidi na safi zaidi. Miaka mitatu baadaye Péter Pongrácz na wenzake wa Budapest waliwasikilizisha watu milio iliyorekodiwa, wakaona kwamba hata wasiowahi kufuga mbwa waliweza, zaidi ya kubahatisha, kutambua mbwa alibweka katika hali gani. Basi sikio la kuelewa tunalo. Tunalokosa ni subira ya kulitumia kabla ya kurusha kiatu.

Mfugaji anayetaka kujua mbwa wake anasema nini na aandike kwa muda wa juma moja saa ya kila kelele, mbwa aliposimama, alikoelekeza uso, na lililotokea mara baada yake. Akibweka karibu na lango, kwa sauti nzito, mkia juu, naye hunyamaza mpita njia akiisha kupita, huyo ni mlinzi. Akibweka baada ya watu wa nyumba kuondoka, kwa sauti nyembamba yenye vituo vya kusikiliza, tena anakwaruza mlango au kuuvuta mnyororo mpaka shingo inachubuka, huyo ana upweke na fadhaa. Akimtazama mtu machoni huku sahani ya fufu au lituma ikipita, huyo anadai. Akibweka alasiri nzima kwa mdundo usiobadilika, haelekei kitu chochote, basi amechoka kwa kukosa shughuli. Akitetemeka na kujificha radi inapopiga, nasi tupo karibu na mstari wa ikweta ambako ngurumo hazikai mbali na watu, ana hofu. Na mbwa mzee aliyekuwa mtulivu, akaanza ghafla kupiga kelele usiku, huenda ana maumivu, au masikio yake yamepungua, au akili yake imeanza kupotewa na saa. Huyo si wa kufundishwa bali wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo.

Mlinzi ndiye mwingi zaidi katika parseli zetu, na ndiye anayefundishwa kelele kila siku bila bwana wake kujua. Mwanasaikolojia wa Kimarekani Edward Thorndike alionyesha tangu mwaka 1898 kwamba tendo linalomletea mnyama matokeo ayapendayo hurudiwa. Sasa mtazame mbwa aliye langoni: toleka yaja, anabweka, toleka yaenda zake. Mwendesha toleka alikuwa akienda hata kama mbwa angelala, lakini mbwa hajui. Kwa hisabu yake amemfukuza adui, na ushindi huo hupatikana mara nyingi kwa kutwa. Bwana akitoka nyumbani akapiga ukelele "Nyamaza!", huongeza sauti ya tatu katika ghasia, na mbwa huona kwamba bwana naye ameingia vitani.

Namna ya kujibu

Kwa mbwa wa langoni, kazi ya kwanza ni kumpunguzia vita. Lango la nondo lifunikwe kwa bati au kwa ubao mpaka juu ya kimo cha macho yake. Mahali pake pa kulala pahamishwe kutoka ukutani mwa barabara hadi upande wa nyuma, ambako atamsikia mwizi apandaye ukuta lakini hatamwona kila mnunuzi wa mkate. Kisha azoezwe kile kimwudhicho kidogo kidogo. Njia hii ina jina kubwa kwa kazi ya Joseph Wolpe, tabibu mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1958 alieleza jinsi hofu za wanadamu zinavyoweza kutulizwa kwa mtu kukutanishwa na kiasi kidogo cha kinachomtisha katika hali ya utulivu. Wakufunzi wa mbwa wakaichukua. Mtoto wa nyumba apite na baiskeli mbali sana, mbwa aione lakini asijali, na hapo hapo apewe kipande cha samaki mkavu aliyetolewa chumvi. Kesho apite karibu kidogo. Na siku mbwa akibweka, ijulikane kwamba hatua ilikuwa kubwa mno na irudishwe nyuma. Baada ya majuma kadha toleka huwa dalili ya samaki, na mbwa humgeukia bwana wake badala ya kuliparamia lango.

Pamoja na hayo afundishwe neno la kukoma, nalo na liwe fupi, kama vile "Basi". Mwache abweke mara mbili au tatu, maana hiyo ndiyo kazi yake. Mwendee kwa utaratibu, tazama alichokiona, sema "Basi" kwa sauti ya kawaida, na umwekee kitoweo karibu na pua. Mbwa hawezi kunusa kwa makini na kubweka kwa wakati mmoja, hivyo atanyamaza. Akinyamaza kwa sekunde mbili, mpe. Kesho mpe baada ya sekunde tano, kisha kumi, kisha nusu dakika, na kitoweo kianze kufichwa mpaka neno pekee litoshe kwa siku nyingi, ijapokuwa lisiachwe kulipwa kabisa. Mkono mtupu haurambwi, walisema wahenga, na katika mlango huu wa elimu maabara zote hazijaongeza neno.

Mbwa adaiye hutibiwa kwa njia iliyo kinyume: kelele zisilipwe hata mara moja, kitoweo kimjie akiwa kimya. Watu wengi hushindwa hapa kwa sababu mbili. Kwanza, katika nyumba yenye watu wengi baba hukataa, mama hukataa, na koko, yaani babu au bibi, hutupa mfupa ili apate raha; na malipo yajayo mara moja moja hukaza tabia kuliko yale yajayo kila mara, kwa kuwa mbwa hujua kwamba kuendelea kuna faida. Pili, siku za mwanzo za kunyimwa kelele huzidi, kama mgeni aliyezoea kufunguliwa kwa hodi ya kwanza ambaye, asipofunguliwa, hugonga kwa nguvu zote kabla ya kwenda zake. Anayekata tamaa katika saa hiyo akatoa mfupa amemfundisha mbwa kwamba kilichokosekana zamani ni nguvu tu.

Ama mwenye upweke na mwenye uchovu, dawa yao ni maisha bora. Mbwa ni mnyama wa jamaa; kumfunga mnyororo wa mita mbili tangu asubuhi hata usiku, kisha kumtaka atulie, ni kumdai asichonacho. Atembezwe alfajiri kabla ya jua kuwa kali na jioni tena, aachwe anuse njiani, maana pua humchosha mbwa kuliko miguu. Chakula kisitiwe chote bakulini. Sehemu itawanywe majanini aitafute. Ikiwa hapana budi kufungwa, kamba na ipite katika waya mrefu uliotandazwa toka mti hadi mti, mahali penye kivuli na maji. Na anayefadhaika akiachwa peke yake azoezwe kuondokewa kwa dakika moja, kisha tano, kisha robo saa, kuaga na kurudi bila shamrashamra. Mwenye hofu ya radi apewe pembe yenye giza ndani ya nyumba na mtu wa kukaa naye. Kumliwaza hakumzidishii hofu.

Yasiyofaa

Kuna watu wanaomfunga mbwa kinywa kwa kamba usiku kucha. Mbwa hupunguza joto la mwili wake kwa kuhema kinywa wazi, na katika joto lenye unyevu la Kisangani kamba hiyo yaweza kumuua kabla ya mapambazuko. Fimbo humnyamazisha aliye karibu nayo, haimwondolei sababu. Mwenye hofu huzidi hofu, na mbwa aliyefundishwa kwa mapigo asionye kwa sauti huweza kujifunza kuuma bila onyo. Methali isemayo kwamba mbwa abwekaye haumi isiaminiwe na mtoto yeyote. Kola za umeme zimepigwa marufuku katika Wales tangu mwaka 2010. Ziko nyingine zinazonyunyizia puani harufu ya mafuta ya jamii ya mchaichai, ile sinda tunayoichemsha kwa chai. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliziona bora kuliko za umeme, lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mbwa huizoea harufu. Kola, ya namna yoyote, haijui kama aivaaye ana upweke au ana jino bovu.

Lipo na jambo moja la sauti ambalo halina mafunzo. Mbwa ambaye sauti yake imebadilika ghafla ikawa ya kukwaruza au ya kukauka, anatokwa na mate, anashindwa kumeza, amekuwa mkali au mlegevu kinyume cha hulka yake, adhaniwe kuwa na kichaa cha mbwa na asiguswe, kwani maradhi hayo hupoozesha koo. Binadamu wengi sana wanaokufa kwayo duniani, wapata 99 katika kila 100, huwa wameambukizwa na mbwa. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kutafuta chanjo, maana dalili zikiisha kutokea wakati wa tiba huwa umepita. Chanjo ya mbwa ndiyo kinga, na mwenye mbwa asiyechanjwa ana deni kubwa kwa majirani kuliko deni la usingizi.

Haki ya jirani

Mbwa mmoja aliyetulizwa katika avenyu ya mbwa kumi hana nguvu nyingi, kwa sababu mbwa hubweka pia kwa kuitikiana. Hivyo jambo hili huwahusu majirani wote. Anayesumbuliwa na aende mchana, asiende usiku akiwa na hasira. Aanze na habari za watoto, kisha aseme, "Papa, mbwa wako hulia sana mkiisha kuondoka, labda hujui kwa kuwa hupo," na aghalabu atakuta kwamba mwenye mbwa hakujua kweli. Wakikubaliana wenye parseli tatu au nne kuwaweka mbwa upande wa nyuma, kuwalisha kwa saa moja na kutowaacha kuzurura, kwaya ya usiku hukosa mwanzilishi. Mkuu wa avenyu aitwe pale tu ambapo mazungumzo yameshindwa.

Wako pia wasiopenda kumkaribia mbwa kwa sababu za dini, na mji huu una Waislamu tangu zama za mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyefanywa wali wa Maporomoko ya Stanley hapa mwaka 1887. Lakini mafundisho yao yenyewe yamehifadhi habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na katika Kurani mbwa amelala kizingitini pamoja na Watu wa Pango. Kumweka nje ya nyumba na kumtendea ihsani ni mambo mawili yanayopatana.

Tunamfuga mbwa ili atuarifu, kisha twakasirika akituarifu. Kiasi cha haki ni kumwitikia. Abweke mara tatu, mtu atoke, atazame, amwambie "Basi", na mbwa aone kwamba habari imepokewa na zamu sasa si yake peke yake. Huo ndio mkataba uliomfanya mbwa kuwa mwenzetu tangu kale, na Simi-Simi italala siku upande wa binadamu utakapoutimiza.